Jina la Klabu Halidaki Mpira

Katika kandanda hapana mtu anayehukumiwa upesi kama mlinda lango. Mshambuliaji akikosa mabao matano kisha akafunga la sita, hubebwa mabegani. Mlinda lango akiokoa mipira mitano kisha akapitwa na wa sita, hupitia kichochoroni akienda nyumbani. Hiyo ni ada ya mchezo, imezoeleka tangu zama za baba zetu, na kila anayesimama baina ya milingoti miwili aliikubali siku ya kwanza alipovaa glavu. Siyo hiyo tunayoizungumzia leo.

Tunalouliza leo ni hili: kwa nini walinda lango wenyewe kwa wenyewe hawapimwi kwa kibaba kimoja? Yule wa klabu yenye jina akifungwa bao la kizembe, husemwa kuwa jua lilimpiga machoni, au kwamba mabeki walimwacha peke yake. Yule wa klabu isiyo na jina akifungwa bao lile lile, husemwa hajui kazi, na siku hizi husemwa jambo baya zaidi ya hilo, kwamba ameuza mechi. Wahenga walituachia usia mfupi juu ya mambo haya: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika viwanja vyetu mnyonge ananyongwa, na hiyo haki yake haonekani wa kumpa.

Huenda msomaji akauliza, haya yana nini na ukurasa wa utamaduni? Jawabu ni kwamba namna watu wanavyogawa sifa ni sehemu kubwa ya utamaduni wao. Nani asifiwe, nani alaumiwe, nani asahauliwe: hayo ndiyo mambo ambayo washairi wetu wa Pwani wameyapigia mafumbo na kujibizana juu yake tangu kale. Kandanda leo ndiyo ngoma kubwa ya vijana wetu, na sifa za ngoma hiyo zagawanywa vibaya.

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Gusii, yaani katika kaunti za Kisii na Nyamira. Nchi ile ya vilima, ndizi na majani chai ni mojawapo ya mahali wanapopenda mpira kuliko kupenda chakula, na hadithi ya klabu yao kubwa yatuonyesha kwa uwazi jinsi jina la klabu linavyoweza kumpaka mlinda lango rangi, njema au mbaya, ambayo si yake.

Klabu hiyo ni Shabana. Ilianzishwa mjini Kisii mwaka 1980, na jina lake lilitokana na duka la vifaa vya ujenzi. Ilipopanda kuingia katika ligi ya taifa katika miaka ya 1980 ikawa fahari ya Abagusii wote, walioko nyumbani na waliotawanyika mijini kutafuta riziki. Henry Motego, mshambuliaji wake, jina lake lilivuma kila mahali penye redio. Kisha mambo yakaenda mrama. Mwaka 2006 Shabana ikateremka daraja, na ikakaa huko chini kwa miaka 17. Ilirudi Ligi Kuu mwaka 2023, na uwanja wa Gusii, ule uliokarabatiwa kwa ajili ya sherehe za Mashujaa za Oktoba 2020, ukafurika tena watu wakiimba "Tore Bobe" hadi sauti zikakauka.

Sasa na tuitazame vizuri ile miaka 17. Je, katika muda wote huo Shabana haikuwa na mlinda lango hodari hata mmoja? Lango lao lilikuwa wazi? La hasha. Kila wiki kulikuwa na kijana aliyesimama pale, mvua ya alasiri ya Kisii ikimnyeshea, mpira umelowa na kuteleza kama kambare, matope yamefika magotini, na mishahara aghalabu ikichelewa au isije kabisa, kama ilivyo desturi ya ligi zetu za chini. Vijana hao walidaka, walipangua, walivunjika vidole. Ni msomaji gani nje ya Gusii anayeweza kuwataja wawili kati yao? Lakini msimu ule Shabana iliporudi juu, aliyekuwa langoni akawa habari ya magazeti, picha yake ikapigwa, makosa yake na mazuri yake yakajadiliwa Nairobi. Mikono haikubadilika kati ya Mei na Agosti. Lililobadilika ni ngazi ambayo klabu ilikuwa imesimama.

Yafaa tueleze jambo hili linavyofanya kazi, maana si uchawi, na lenye sababu hutengenezeka.

Sababu ya kwanza ni macho. Mlinda lango wa Gor Mahia au AFC Leopards huonwa na maelfu uwanjani na maelfu zaidi katika televisheni. Mwandishi wa habari za michezo ana siku moja na mechi sita. Ataiendea ile yenye watu. Kwa hiyo uokoaji mmoja mzuri wa klabu kubwa husimuliwa na watu elfu kumi, na uokoaji kumi wa klabu ndogo husimuliwa na mama mzazi na mwokota mipira.

Sababu ya pili ni mabeki. Klabu kubwa ina fedha, na fedha hununua mabeki wazuri. Mlinda lango aliye nyuma ya mabeki wazuri hupigiwa mashuti machache, na mengi ya hayo hutoka mbali, mpigaji akiwa amebanwa. Tuzo za walinda lango nazo, hapa kwetu na ng'ambo, hutazama sana idadi ya mechi ambazo mtu hakufungwa. Hesabu hiyo yaonekana ya haki, kumbe ndani yake mmefichwa mabeki wanne na mtu wa kiungo.

Tuchukue mfano wa kubuni, ili msomaji aone. Mlinda lango wa klabu kubwa apigiwe mashuti 3 ya kulenga lango katika kila mechi, kwa mechi 10. Hayo ni mashuti 30. Afungwe mabao 6, na katika mechi 5 asifungwe kabisa. Mwenzake wa klabu ndogo apigiwe mashuti 9 kila mechi, jumla 90, afungwe mabao 13, na asifungwe katika mechi moja tu. Gazeti litaandika 5 kwa 1, na tuzo itamwendea wa kwanza. Lakini hesabu ya mashuti yasema vingine: wa kwanza aliokoa 24 katika 30, yaani 80 kwa mia, wa pili aliokoa 77 katika 90, yaani zaidi ya 85 kwa mia. Aliyefungwa mara nyingi zaidi ndiye aliyedaka vizuri zaidi. Wala hesabu hii haihitaji mtambo wa kigeni. Yataka mtu mmoja, daftari na kalamu.

Sababu ya tatu ni msamaha. Klabu yenye jina humkopesha mlinda lango wake subira ya watu. Akikosea leo, watu wakumbuka mazuri ya jana, kwa kuwa waliyaona. Mlinda lango wa klabu ndogo hana akiba hiyo. Watu wa Nairobi wanapomwona kwa mara ya kwanza ni siku klabu yake inapocheza na wakubwa, na hiyo ndiyo siku anayopigwa kama ngoma. Huondoka na jina la siku moja, na jina hilo humfuata miaka kumi.

Sababu ya nne ni uteuzi wa timu ya taifa. Makocha nao ni watu, huchagua waliowaona. Na mlinda lango akishaitwa Harambee Stars, klabu humwita bora kwa kuwa aliitwa, na kocha humwita tena kwa kuwa klabu yasema ni bora. Gurudumu hilo huzunguka lenyewe, na walio nje yake hawana mahali pa kulidandia.

Haya si maneno ya kuwavunjia heshima walinda lango wa klabu kubwa. Wengi wao walistahili kila sifa waliyopewa. Katika mashindano ya CHAN ya Agosti 2025 lango la Kenya lilikuwa mikononi mwa Byrne Omondi wa Gor Mahia, na katika mechi nne za kundi lake Kenya ilifungwa bao moja tu, ikazifunga Kongo, Morocco na Zambia bao moja kwa bila kila mmoja. Na sisi watu wa makamo twamkumbuka Mahmoud Abbas wa AFC Leopards, aliyeitwa "Kenya One" nchi nzima. Kenya ilitwaa kombe la Challenge mara tatu mfululizo, mwaka 1981, 1982 na 1983, naye akiwa langoni. Na ule ushindi wa 1982, uliopatikana kwa penalti mjini Kampala mbele ya Waganda wenyewe, hauwezi kutajwa bila ya kumtaja yeye. Mikono ile ilikuwa mikono kweli. Lakini hata mikono ile ilihitaji jukwaa ili ionekane. Chui walikuwa na jukwaa hilo: mwaka 1982, 1983 na 1984 walikuwa mabingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati. Tujiulize kwa haki, kijana mwenye kipawa kama chake aliyebaki katika klabu ya mtaani, Mombasa au Nyamira, nani angemwita Kenya One?

Ndugu zetu wa Tanzania wana kisa kinachofaa kuzingatiwa. Mwaka 2003 Simba ya Dar es Salaam iliitoa Zamalek ya Misri, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti huko huko Cairo. Kocha wa Simba alikuwa Mkenya, James Siang'a, ambaye mwenyewe alikuwa mlinda lango wa Kenya katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 1972. Na langoni alisimama kijana Juma Kaseja. Usiku ule jina la Kaseja liliandikwa kwa wino usiofutika. Miaka ikapita, Kaseja akazunguka klabu kadhaa, akafika KMC, klabu ya manispaa ya Kinondoni, ambayo haina mashabiki wa kujaza uwanja. Watu wengi wakamhesabu kuwa amekwisha, naye akakaa miaka kadhaa bila ya kuitwa Taifa Stars. Mwaka 2019 kocha Etienne Ndayiragije alimwita. Septemba mwaka huo Tanzania ilimaliza sare na Burundi katika kufuzu kwa Kombe la Dunia, wakaenda kwenye penalti, na Burundi hawakupata hata moja. Tanzania ilipita kwa 3 kwa bila, Kaseja langoni. Huyu ndiye yule yule wa Cairo, ameongezeka umri tu. Kocha aliyemtafuta alimtazama mtu, hakuitazama fulana aliyovaa.

Na ng'ambo nako hali ni hiyo hiyo. Gordon Banks alipoisaidia Uingereza kutwaa Kombe la Dunia mwaka 1966, hakuwa mlinda lango wa klabu tajiri ya London wala ya Manchester. Alikuwa wa Leicester City. Mwaka uliofuata Leicester ikamuuza kwa Stoke City, na alikuwa wa Stoke siku ile ya mwaka 1970, nchini Mexico, alipoupangua mpira wa kichwa wa Pelé ambao Pelé mwenyewe alikwisha kuuhesabu kuwa bao. Kocha Alf Ramsey hakuona haya kuchukua mlinda lango wa klabu ya wastani, na Waingereza hawakujuta.

Emiliano Martínez wa Argentina aliingia Arsenal akiwa kijana mwaka 2010. Kwa miaka kumi jina lake lilikuwa katika vitabu vya klabu kubwa, lakini yeye mwenyewe alikuwa benchi, au ameazimwa klabu hii na ile. Mwaka 2020 alikwenda Aston Villa, klabu ambayo wakati huo haikuwa na jina kama la Arsenal, akapata lango la kulinda kila wiki. Mwaka 2022 akatwaa Kombe la Dunia, na mwaka 2023 na 2024 akapewa tuzo ya Yashin ya mlinda lango bora wa dunia. Laiti angeng'ang'ania heshima ya kukaa benchi la wakubwa, nani leo angemjua?

Na jina kubwa laweza pia kumzamisha mtu. Massimo Taibi alisifika Italia, ndipo Manchester United ikamnunua mwaka 1999. Katika mechi na Southampton mpira mdogo ukampita katikati ya miguu. Alicheza mechi nne tu, basi. Akarudi kwao Italia akacheza miaka mingine mingi kwa ustadi, lakini ukimtaja leo, watu hukumbuka ule mpira mmoja. Kosa lile lile angelifanya katika klabu ya mkoani, lingesahauliwa kabla ya magharibi.

Sasa turudi Gusii, kwani kuna jambo huko linaloumiza zaidi, nalo ni neno hili la "kuuza mechi". Upangaji wa matokeo upo, hatukatai. Mwezi wa Januari 2023 Shirikisho la Kandanda la Kenya liliwasimamisha wachezaji na makocha kadhaa kwa tuhuma hizo, na mwenye hatia astahili adhabu. Lakini tuhuma ni kitu kimoja na ushahidi ni kingine. Katika viwanja vya ligi za chini mlinda lango asiye na jina akipitwa na mpira rahisi, hukumu hutolewa jukwaani kabla mpira haujarudishwa kati. Hutukanwa yeye, mzazi wake na kijiji chake. Kijana wa miaka 20, aliyekwenda uwanjani kwa nauli yake, hurudi kijijini akiitwa mwizi. Wa klabu kubwa akikosea vivyo hivyo, watu huliita kosa. Umaskini wa klabu umefanywa kuwa ushahidi dhidi ya mlinda lango wake, ati kwa kuwa halipwi vyema basi lazima amehongwa. Hakuna kadhi wala hakimu angeipokea hoja hiyo.

Na hapa hatuna budi kuwaambia ndugu zetu wa Kisii neno ambalo huenda lisiwapendeze. Wao hulalamika, na wana haki, kwamba Nairobi haiwaoni. Kutoka Kisii hadi Nairobi ni kiasi cha kilomita 300, lakini kwa mteuzi wa timu ya taifa ni kama safari ya kwenda Makka kwa miguu. Hata hivyo, malalamiko haya haya yaweza kusikika Nyamira dhidi ya Kisii. Tangu mwaka 2013 Nyamira ni kaunti yenyewe, ina shule zake, ina timu zake za ligi za chini, ina vijana wake wanaoruka kwenye majani yenye umande. Mashabiki wake wengi hupanda matatu kwenda uwanja wa Gusii kuiona Shabana, na wakirudi nyumbani hawasimami hata dakika kumi kuitazama timu ya kijijini kwao. Kwa mlinda lango wa Nyamira, Shabana ndiyo Gor Mahia. Asipovaa fulana ya Shabana si mlinda lango, ni kijana anayepoteza wakati. Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Huyu acheza kwao, na kwao wenyewe wameondoka kwenda kumtuza mwingine.

Hivyo dhuluma hii haikai Nairobi peke yake. Hushuka ngazi kwa ngazi, na kila anayelalamika juu ya wa juu yake anaye wa chini anayemfanyia hayo hayo. Ndiyo sababu hatuwezi kungoja dawa itoke mji mkuu.

Matokeo yake ni haya. Mlinda lango kijana wa Gusii akishaelewa kwamba kazi yake haitahesabiwa mpaka avae jina kubwa, hulikimbilia jina kabla ya kuimaliza kazi. Huenda Nairobi, akaandikwa mlinda lango wa tatu wa klabu inayojulikana, akapiga picha na fulana mpya, akawatumia jamaa. Kisha hukaa. Mshambuliaji wa akiba huingizwa dakika 20 za mwisho, akaonyesha alicho nacho. Mlinda lango wa akiba hangoji dakika. Angoja mwenzake aumie. Misimu miwili, mitatu hupita bila ya kudaka mpira wa mashindano, na ustadi wa mlinda lango ni kama kisu, usiponolewa huliwa na kutu. Hurudi nyumbani ana jina la klabu kubwa katika maelezo yake, na mikono yake imesahau. Huku nyuma, lango aliloliacha limepewa mtoto ambaye hajawa tayari. Gusii imepoteza wawili.

Kuna watakaosema kwamba klabu kubwa ni mtihani wa kweli, kwamba kudaka mbele ya watu elfu ishirini si sawa na kudaka mbele ya ng'ombe wanne na mchungaji wao. Twakubali. Uzito wa moyo nao ni sehemu ya kazi, na wako wengi waliokuwa simba vijijini wakawa paka uwanjani Kasarani. Lakini mtihani huo ni wa moyo, na yule mwingine, wa mashuti tisa katika matope, ni wa mikono, macho na subira. Mwanafunzi hapewi cheti kwa mtihani mmoja na kunyimwa alama za mwingine aliofanya vizuri. Tunachotaka ni kwamba yote miwili isahihishwe.

Sisi tuliopitia chuoni twakumbuka jinsi mwalimu alivyosikiliza. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mchukuzi waliketi juu ya jamvi moja, na kila mmoja alileta ubao wake. Mwalimu hakuuliza ubao huu umetoka nyumba gani. Alisikiliza herufi, na herufi ikikosewa ilirudiwa, awe mwana wa nani. Hilo ndilo somo la kwanza la uadilifu tulilolipata, nalo latosha kwa kandanda.

Na watu wa Kisii na Nyamira wanao mfano ulio karibu zaidi, ambao sisi wa Mombasa twauona kila wiki. Majani chai ya Kebirigo, Sanganyi na Nyansiongo huletwa kwetu mnadani. Jina la kiwanda lina uzito wake sokoni, hilo hatulifichi, lakini mnunuzi hatoi bei kwa jina tu. Kila fungu hutiwa maji ya moto, vikombe hupangwa kwenye meza ndefu, na mwonjaji hupita akivuta kidogo kidogo kwa kijiko, akatema, akaandika. Chai mbaya ya kiwanda chenye jina hugunduliwa pale pale, na chai nzuri ya kiwanda kidogo hupata bei yake. Mkulima wa Nyamira hangekubali kamwe majani yake yapewe bei kabla ya kuonjwa. Basi na mtoto wake aliye langoni naye aonjwe kabla ya kupewa bei.

Kwa hiyo tuna mapendekezo, na yote ni ya gharama ndogo. Kwanza, matawi ya shirikisho katika Kisii na Nyamira, pamoja na walimu wanaosimamia michezo ya shule, waweke daftari katika kila mechi: mashuti yaliyolenga lango, yaliyookolewa, mipira ya juu iliyodakwa. Mwisho wa msimu daftari hilo lipelekwe Nairobi pamoja na matokeo, kocha wa taifa asiwe na udhuru wa kusema hakujua. Pili, watangazaji wa mpira, hasa wa vituo vya Ekegusii kama Egesa, wamtaje mlinda lango kwa jina lake anapookoa kama wanavyomtaja anapofungwa. Na sisi waandishi wa magazeti tufanye vivyo hivyo, maana kalamu zetu zimeshiriki katika dhuluma hii. Tatu, wanaotoa tuzo waache kuhesabu mechi zisizo na bao peke yake, wahesabu na mashuti. Nne, klabu za Gusii, Shabana ikiwa ya kwanza, zipeleke watu wao Nyamira, Borabu, Manga na Masaba kutazama walinda lango wakiwa langoni kwao, badala ya kungoja waje mjini kubisha hodi.

La tano ni la shabiki mwenyewe, nalo halihitaji kamati. Siku mlinda lango wa timu ndogo atakapopitwa na mpira, kabla hujafungua kinywa kusema ameuza mechi, jiulize ameokoa mingapi leo. Ikiwa hukuhesabu, basi huna ushahidi, na asiye na ushahidi afadhali anyamaze. Na ikiwa ulihesabu, ukakuta ameokoa minane na kufungwa mmoja, msubiri mlangoni mechi ikiisha, umpe mkono.